Mkono wa Pili Kwenye Wimbo wa Saba

Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita, na Jumanne asubuhi, nikiwa nakoroga uji, nikamsikia redioni akisifia godoro.

Sauti ilikuwa yake, hapo hapana ubishi. Ile ya puani kidogo, ya mtu aliyechomelea mageti miaka thelathini na kuvuta moshi wa chuma. Wimbo niliujua tangu mdundo wa kwanza: ni wa pili katika albamu yake, ule anaosimulia alivyolala mahabusu kwa kosa la kaka yake. Lakini pale aliposema zamani "nililala sakafuni, ubavu ukaijua simenti", sasa akasema kwa furaha kabisa, "nililala fofofo, mgongo ukasema asante." Kisha akataja godoro lenyewe, unene wake kwa inchi, na mtaa lilipo duka.

"Nderingo," nikaiambia ile redio, "wewe ulilala chini. Blanketi nilikuletea mimi."

Uji ukaungua.

Saa nne akaja karani wa Hifadhi ya Sauti, bwana mmoja mpole anaitwa Lomayani, ana ndevu nzuri na viatu vyenye vumbi la kutoka barabarani.

"Shikamoo mama. Umeshalisikia onjo?"

"Marahaba. Nimesikia godoro."

"Pole." Akavua kofia kama aliyekuja msibani. "Lile ni onjo tu. Sheria inataka familia isikilize kwanza kabla Uhuisho haujaanza, msije mkashtukia barabarani."

Nikamkaribisha jikoni, nikamwomba anieleze taratibu kama anayemweleza mtu wa kanisani, maana habari hizi za Uhuisho nilikuwa nazisikia kwa watu wengine na kuzipita, kama mtu anavyopita jeneza la asiyemjua.

"Muziki ukizeeka, mama, masikio yanaukataa," akasema. "Kwa hiyo mashine inauchukua, inaukoboa kama mahindi, inabakiza kiini cha sauti. Halafu inakivalisha midundo na maneno ya mwaka huu. Mwakani inavua, inavalisha mengine. Na kila msikilizaji anapata wa kwake. Wewe umepewa godoro kwa sababu..." akatazama kidude cha mkononi, "...kwa sababu mwezi uliopita uliulizia dawa ya mgongo."

"Na ule wa zamani unawekwa wapi?"

"Hauwekwi. Ukihuishwa umehuishwa. Vyombo vyote siku hizi vinasikilizana, hata hicho cha kabatini kwako. Wiki moja tu, nakala zote zinakuwa mpya."

Nikakaa. Picha za Nderingo ninazo tatu, na katika zote tatu amefumba macho, alikuwa mtu wa kupepesa. Koti lake nilimpa shemeji. Kilichobaki cha Nderingo hapa duniani, chenye pumzi yake ndani, ni dakika hamsini na moja za albamu ile, *Dona Halikobolewi*, aliyoitoa akiwa bado anaitwa Kadi Nyekundu na mimi nikiwa nanyonyesha.

"Ila kuna mlango," akasema Lomayani. "Baraza la Masikio. Watu saba wa kawaida, wanaokotwa kwa kura. Wakisema albamu ni klasiki, hakuna anayeigusa milele. Na ya mzee imeshapita mambo mawili kati ya matatu. La kwanza, iwe haijaguswa: haijaguswa. La pili, iwe bado inasikilizwa na wasiokuwepo wakati inatoka: inasikilizwa mpaka Songea. La tatu..." Akakuna ndevu. "La tatu ni kwamba aliyeiandika ajulikane. Na hapo mashine yetu, Kipimio, imekwama. Kipimio kinajua mwandiko wa maneno kama wewe unavyojua mpishi kwa kuonja. Nyimbo kumi na moja ni za mzee. Ule wa saba, ubeti mzima na kiitikio, si wake. Kuna mkono wa pili."

Mimi nikaanza kupanga vikombe.

"Kazi isiyo na mwenyewe haiwezi kuhifadhiwa," akaendelea. "Lazima mtu aape mbele ya Baraza mkono ule ni wa nani. Asipopatikana mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, albamu yote inaingia kwenye Uhuisho. Mama Kundaeli, wewe ulikuwepo miaka ile. Mkono huo unaujua?"

"Kunywa chai, mwanangu," nikasema. "Inapoa."

Sikusema uongo. Nilimwambia anywe chai, na chai kweli ilikuwa inapoa.

*

Sasa acha niseme ilivyokuwa.

Kwetu kanisani, ukitaka kwenda kwenye Meza ya Bwana, Ijumaa unajiandikisha kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako, naye anakuuliza kama una ugomvi na mtu. Ukiwa nao, huendi. Unabaki umekaa wenzako wakipanga mstari, na usharika mzima unajiuliza umegombana na nani.

Mwaka ule kwaya yetu ya akina mama ilikwenda mashindano ya jimbo, na sehemu ya kuimba peke yake ilikuwa yangu. Niliifanyia mazoezi miezi mitatu, mpaka ng'ombe akaizoea na kuanza kutoa maziwa kwa noti ya pili. Siku tatu kabla, mwalimu wa kwaya akampa Mama Aikande. Hakusema kwa nini. Mama Aikande akapanda mbele ya askofu, akaishika ile noti ya mwisho, akaishika, akaishika, mpaka mimi pale nyuma nikaomba Bwana arudi.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Hasira nilikuwa nayo kifuani kama donge la ugali lililokwama. Mama yangu alinifundisha kwamba hasira isiyosemeka unaiandika, unaichoma, unanawa mikono. Nikachukua karatasi ya kwaya, yenye noti za sauti ya pili upande mmoja, nikaandika upande wa nyuma:

*Umepanda jukwaani kama kuku juu ya kichuguu,*
*kifua kimetangulia, wimbo bado uko juu.*
*Umeivuta ile sauti mpaka mishumaa ikazima,*
*askofu kaangalia saa, malaika wakahama mazima.*
*Zamu yangu umechukua, kipaji hukuchukua,*
*makofi uliyosikia ni mbu watu wanaua.*

Nikajisikia mwepesi sana. Mtoto akalia, nikaiweka ile karatasi chini ya Biblia nikamnyonyeshe kwanza ndipo niichome. Nderingo naye mashairi yake aliyaweka hapo hapo. Akakusanya karatasi zake, akaenda Kijenge kurekodi.

Jioni alirudi na kilo nzima ya nyama. Akanikumbatia mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halifanywi.

"Kumbe una kipaji hivi halafu unanificha!" akasema. "Nilipungukiwa wimbo mmoja, nafungua karatasi nakuta umeniandikia. Na kiitikio juu!"

"Kiitikio gani?"

"Si kile cha upande wa pili? *So so la so, mi re do, do.* Studio nzima ilisimama!"

Alikuwa amerekodi pande zote mbili. Mume wangu hakuwahi kuimba kwaya maisha yake yote, na noti zangu aliziona maneno.

Ningemwambia nini? Alikuwa na furaha, na nyama ilikuwa mezani. Nilikuja kumwambia ukweli wimbo umeshatoka, na hapo ndipo kijana mmoja wa Kijenge aliyejiita Bwana Sumu alipojitokeza akapiga kelele kwamba kwenye ule ubeti ametukanwa yeye. Akajibu. Mashabiki wakajibu. Wiki sita Arusha nzima ikagawanyika, na albamu ikauzwa kama maandazi ya asubuhi.

"Niwaambie?" Nderingo akaniuliza.

"Ukisema natengwa," nikamjibu. "Nilikwenda kwenye Meza ya Bwana nikasema sina ugomvi."

Akanyamaza mpaka anakufa. Mimi nikawa mzee wa kanisa. Siku hizi ni mimi ninayewauliza wenzangu Ijumaa kama wana ugomvi. Na Mama Aikande ni rafiki yangu. Nderingo alipougua, ni yeye aliyelala hospitalini nami zamu kwa zamu, siku kumi na nane.

*

Jumamosi akaja Bwana Sumu mwenyewe, jina lake hasa Anaeli Kaaya, ameshatimiza sabini na ana goti la chuma. Alivaa ile fulana yake inayojulikana, yenye maandishi makubwa kifuani: NDIYE MIMI NILIYETUKANWA. Alileta parachichi.

"Shemeji, nimeitwa na Baraza nitoe ushahidi," akasema akikaa kwa awamu mbili, kwanza mtu, halafu goti. "Nitawaeleza kila mstari. Mishumaa ikazima: ule ni umeme uliokatika kwenye tamasha langu. Askofu ni yule mtangazaji wa redio aliyenichukia. Daktari Mshumbusi wa chuo ameandika sura nzima. Anasema ile *so so la so* ni kilio cha vijana wasio na ajira, kilichofichwa ili polisi wasielewe."

"Anaeli."

"Naam."

"Si wewe."

"Si mimi nini?"

"Aliyetukanwa. Ni Mama Aikande wa kwaya. Na aliyeandika ni mimi."

Nikaanza kuhofia moyo wake. Akaitazama fulana yake, akaisoma kichwa chini.

"Miaka arobaini na mbili," akasema taratibu. "Miaka arobaini na mbili natukanwa, natembea kifua mbele, leo unaniambia sikutukanwa? Shemeji! Nimeitwa kwenye mikutano mpaka Lusaka kwa ajili ya matusi yale! Wajukuu zangu wanayajua kwa moyo! Albamu zangu mwenyewe ni tano, nani anazikumbuka? Zote zimehuishwa. Wiki iliyopita nimejisikia ninaimba habari za sabuni."

"Na mimi nimemsikia Nderingo akisifia godoro."

Tukatazamana kama watu wenye msiba mmoja.

Kisha Anaeli akainua kichwa. "Basi sikiliza. Nitaapa mimi. Nitasema mkono wa pili ni wangu. Nilijiandikia matusi mwenyewe, nikampa Kadi, tukapanga ugomvi ili tuuze. Vijana wa siku zile tulikuwa na akili hiyo. Albamu inapona, wewe unabaki mzee wa kanisa, Mama Aikande halii, na mimi naendelea kutukanwa kihalali."

"Utaapa uongo kwa Biblia?"

"Mimi kanisani sina kiti cha kupoteza. Nimetengwa mara nne."

Nitasema kweli: nilimwonea Anaeli huruma, na nilijionea huruma zaidi. Sikumwambia aape, wala sikumwambia asiape. Nilimwuliza kama parachichi zimeiva.

Siku zile tano sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba kukaa kimya si kusema. Kisha nikamkumbuka Mama Ndesario, ambaye mwezi uliopita tu nilimweka benchi la nyuma, la waliotengwa, kwa sababu alikaa kimya mwenzake akisingiziwa wizi wa kuku.

*

Baraza lilikaa katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Wengine sita walikuwa watu wa kila namna, na mdogo wao binti wa miaka kumi na tisa, Tumsifu, nywele zake zimekatwa upande mmoja. Kipimio kilikuwa juu ya meza, kisanduku cha kijivu kama cha kuwekea mkate. Akina mama wa kwaya walikuja na sare kunishangilia, na Mama Aikande alikaa kando yangu mstari wa mbele na chupa ya chai.

Walianza kwa kuucheza ule wimbo wa saba kama ulivyo. Ulipofika kwenye mbu, ukumbi ukacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Mama Aikande. Akanigusa goti.

"Mumeo alikuwa mtundu," akasema. "Hapo kwenye mbu hapo!"

Nikatamani sakafu ifunguke.

Tumsifu akainua mkono. "Samahani, mimi sielewi kitu kimoja. Kwa nini maneno yanaishia kufanana? Kichuguu, juu. Ikazima, mazima. Alikuwa na tatizo?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa rap," akasema mwenyekiti.

"Rap sisi tunaifanya kwa pumzi tu. Maneno yanachelewesha." Akapumua mara tatu kwa mpangilio fulani, na vijana wa nyuma wakashangilia kama waliosikia tusi la maana. "Na kila mtu anaisikia inayomfaa. Hii inamfaa nani?"

Daktari Mshumbusi akasimama, akavaa miwani, akaeleza. Alieleza kwamba albamu inakuwa klasiki inapobeba uchungu wa kizazi chake ndani ya umbo ambalo kizazi kijacho kitalivunja. Alieleza kwamba kuku ni ubepari na kichuguu ni dola. Ilichukua dakika arobaini. Mjumbe mmoja, muuza mitumba, akamwuliza na mbu ni nani, Daktari akasema hilo bado linajadiliwa.

"Tumpate shahidi wa mkono wa pili," akasema mwenyekiti. "Bwana Anaeli Kaaya."

Anaeli akapanda, goti likilia. Juu ya fulana alivaa koti, kwa heshima. Lomayani akamletea Biblia. Anaeli akanitazama mara moja, akatabasamu kunitia moyo, akanyanyua mkono wa kuume.

Nikaona vile vidole vyake vinashuka juu ya jalada. Ni mzee. Anaumwa. Anakwenda kumdanganya Mungu kwa ajili yangu, na mimi nimekaa na sare ya kwaya, nimeshika mkoba.

"Anaeli, toa mkono hapo!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Mkono wa pili ni wangu mimi."

Nikatembea mpaka mbele kama wanavyotembea wanaorudi kundini, macho chini, nikasimama nikasema yote. Meza ya Bwana, karatasi, Biblia, mtoto, kilo ya nyama, pande mbili. Nilipofika kwenye noti za kwaya, Daktari Mshumbusi alivua miwani na hakuivaa tena siku ile.

"Mama," akasema mwenyekiti, "kusema ni jambo moja. Kipimio lazima kionje. Toa mistari miwili, hapa hapa, kuhusu chochote kilichomo humu ndani."

Miaka arobaini na mbili sikuwa nimefanya dhambi hiyo. Nikatazama huku na huku, na Mungu anisamehe, ilikuja yenyewe:

"*Daktari katafuna mfupa, kasema ameshiba nyama;*
*nyama ilikuwa jikoni kwangu, hakubisha hodi kuitazama.*"

Kisanduku kikawaka taa ya kijani. "Mkono ni huo," kikasema. "Umeongezeka makali."

Watu wakapiga kelele. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu. Mama Aikande alikuwa ameiweka chupa ya chai chini.

"Kwa hiyo yule kuku," akasema.

"Ni wewe, mama."

"Na mbu?"

"Na mbu."

"Nimecheza wimbo huu kwenye harusi ya mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimeucheza kwenye harusi za watoto wako wote. Hapo kwenye mbu huwa napiga makofi! Mama Kundaeli! Nimekuwa napiga makofi!"

"Nisamehe, Mama Aikande."

Akaondoa macho kwangu. Hapo nilijua maana ya kupoteza kitu ambacho hakuna baraza la kukihifadhi.

Ndipo Tumsifu akainama mbele kwenye kiti chake, akamtazama Mama Aikande. "Bibi, naomba nikuulize. Inauma?"

"Inauma nini?"

"Hayo maneno. Ni ya zamani sana, mdundo umechoka, hata hiyo redio iliyoyapiga kwanza haipo. Sasa hivi, yanakuuma kweli?"

"Yananiuma kama nimemwagiwa maji ya moto!" akasema Mama Aikande. "Yananiuma kama ya leo asubuhi!"

Tumsifu akaandika kitu. Mama Aikande yeye alikuwa ameshasimama. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, kama anayekwenda kulima.

"Mwenyekiti, huyo bwana wa Kijenge," akamnyooshea kidole Anaeli, "alipodhani ametukanwa aliruhusiwa kujibu. Sasa aliyetukanwa mwenyewe ni mimi. Naomba nafasi yangu."

"Mama, hiki ni kikao cha..."

"Mpe!" akasema muuza mitumba.

Akafumba macho. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga sakafu, polepole, na wale akina mama wa kwaya, bila kuambiwa, wakaanza kuufuata kwa midomo imefumbwa, sauti tatu. Kisha akanielekea:

"*Jumapili unakaa mbele, Biblia umeikumbatia,*
*kumbe nyuma ya karatasi, sumu umenipikia.*
*Zamu sikukuibia, mwalimu alinipatia;*
*alisema, 'Mama Kundaeli akiimba, hata mbwa wanalia.'*
*Nilikuficha neno hilo, nisikuone unaumia,*
*leo chukua, ni lako, nenda nalo, nakurudishia!*"

Ukumbi ulipasuka. Vijana wa nyuma walipanda juu ya viti. Anaeli Kaaya alikaa chini akashika kichwa. "Nimepitwa," akasema. "Nimepitwa na bibi wa kwaya." Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa mashindano, nikajua kwa nini walininyang'anya zamu. Iliniuma. Iliniuma sana, na hapo hapo kicheko kikanipanda, nikashindwa kukizuia.

Mama Aikande alijitahidi kubaki amekasirika. Alivumilia mpaka mashavu yakatetemeka, kisha kicheko kikamshinda naye.

*

Kura ilipigwa kwa mikono. Watatu walikataa. Mmoja wao alisema klasiki gani inatokana na makosa ya mtu kusoma noti. Mwingine alisema tukianza kuhifadhi masengenyo ya kwaya, ghala litajaa kabla ya Krismasi, na sikuweza kumpinga. Watatu walikubali. Akabaki Tumsifu.

"Mimi sijaupenda huu muziki," akasema. "Nasema kweli. Unachosha. Lakini wimbo niliotoa mwezi wa tatu umeshabadilika mara kumi na mbili, kila mtu umemwambia anachotaka, na hakuna hata mmoja aliyekasirika. Hata mpenzi wangu niliyemwandikia nikimwacha, yeye alisikia unamsifu." Akamtazama Mama Aikande. "Mimi ningetaka kutengeneza kitu ambacho mtu atakuja kukikuta baada ya miaka yote hiyo, kimebaki pale pale, kimemsubiri yeye, kimuumize. Kama hiyo siyo klasiki, basi sijui mnaitaka ya nini."

Akainua mkono.

Ili kuifunga albamu, Kipimio lazima kiicheze yote mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya mashahidi. Wengi waliondoka, walikuwa na kazi zao. Daktari alibaki, akiandika upya. Anaeli alibaki, koti limefungwa mpaka kidevuni. Mama Aikande alibaki akaninyima chai, akanywa mwenyewe.

Nderingo akalala sakafuni, ubavu ukaijua simenti. Akakohoa mwanzoni mwa wimbo wa nne, akasema "samahani fundi," wakaiacha. Nilimsikiliza pumzi kwa pumzi, dakika hamsini na moja, na kila moja nikijua kwamba kesho itakuwa hivyo hivyo. Jumapili nitakaa benchi la nyuma, hilo mchungaji alishanitumia ujumbe kabla sijatoka ukumbini. Haidhuru. Kule nyuma kuna hewa.

Kisanduku kilipozima taa, Mama Aikande akainuka akaenda mezani kwa Lomayani.

"Na wangu je?"

"Wako upi, mama?"

"Niliousema sasa hivi. Nataka nao ufungwe. Huyu watu watamsikia milele akiniita kuku, mimi jibu langu liko wapi?"

Lomayani akafungua kanuni, akazisoma kwa heshima zote. "Inawezekana, mama. Ila kazi haipokelewi mpaka ifikishe miaka arobaini."

Mama Aikande ana miaka sabini na mitano. Aliwaza kidogo, akavuta kiti cha karibu, akakaa.

"Nitangoja," akasema. Kisha akanigeukia, akapigapiga kiti kilichokuwa jirani yake. "Na wewe njoo ukae. Huendi popote."